Tawi la Kushukia Baraka

Mimi si mtu wa safari. Niseme mapema, msomaji asije akanitafutia ushujaa mahali usipokuwepo. Kuna watu ambao miguu huwawasha wakikaa nyumbani siku mbili. Yangu huniwasha nikivuka soko la Fizi. Kuku wa mama yangu walikuwa wakitembea mbali kunipita, na jioni walirudi na habari nyingi kuliko zangu. Nilimaliza sekondari, nikapata cheti, nikakitundika ukutani, nikaweka kiti chini yake na kukaa. Shemeji zangu waliniita mlinzi wa kiti. Sikuwabishia. Kiti kilikuwa kizuri, na kwa miaka yote niliyokilinda hakuna aliyekiiba.

Hata hivyo niliwahi kusafiri kwa kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli kwetu, kutoka Fizi kule juu milimani mpaka Nundu kando ya ziwa, na nilisafiri wakati wa vita, wakati ambao hata wapenda safari walikuwa wamekaa. Watu wakisikia hivyo husogeza viti karibu, wakidhani nitawasimulia milima na maji. Milima ilikuwepo, na maji pia. Lakini kila nikianza kuisimulia njia ile, hasira hunipanda kabla sijafika bondeni, na wasikilizaji hurudisha viti vyao nyuma kidogo.

Nilimpeleka shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwanza moja, halafu la pili, mpaka akawa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alilima kwa kupapasa, alichambua maharagi kwa vidole, na alijua nani ameingia uani kwa namna anavyokohoa. Kilichomtesa ni kukimbia. Mara mbili mji ulikuwa umekimbia, na mara zote mbili yeye alikimbia akiwa ameshikwa mkono. Mara ya pili mkono uliomshika ulimwachia. Simlaumu mwenye mkono, alikuwa na watoto watatu. Shangazi alikaa ndani ya shamba la mihogo mchana kutwa na usiku kucha, kimya, akisikia miguu inapita njiani asijue kama ni yetu au ni yao.

Kwa hiyo siku katekista alipotangaza kanisani kwamba madaktari wa macho watafika Nundu kwa mtumbwi wa moteri, wakae Jumanne, Jumatano na Alhamisi, wawatoe watu ukungu, kisha waende zao, shangazi alirudi nyumbani na kumwambia mama yangu neno moja ambalo bado nalisikia.

"Macho ya kusoma sitaki, sikusoma. Mi nataka macho ya kukimbilia."

Swali likawa nani atampeleka. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mtu wa njia, aliyekuwa akipandisha chumvi na ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Baraka na kushusha maharagi, alikuwa amevukia ng'ambo ya ziwa na wakimbizi wengine. Alituachia kinga yake imeegemea ukuta wa jiko.

"Kinga iko," mama akasema, akiniangalia. "Na kijana wa kuisukuma, sijue kama iko."

"Iko," shangazi akajibu. "Inakaa pale chini ya cheti. Naisikia inapumua."

Tukaondoka Jumanne alfajiri. Shangazi alikaa kwenye kiti cha nyuma, juu ya gunia nililolikunja mara nne, mkono mmoja ukishika mkanda wangu wa suruali na mwingine fimbo yake. Kwa kuwa kutoka Fizi kwenda Baraka ni kushuka, nilidhani kazi itakuwa ya kinga. Kumbe kinga ile haikuwa na breki. Breki zilikuwa zimekufa zamani, na mdogo wangu hakuona haja ya kuzizika wala kuzifufua, kwa sababu watu wa njia ile wana namna yao ya kushuka. Wanakata tawi kubwa lenye majani, wanalifunga kwa kamba nyuma ya kinga, linaburuzika chini na kuizuia isikimbie. Mzigo ukiwa mzito, tawi linakuwa kubwa. Nilikuwa nimemsikia akieleza hayo mara nyingi nikiwa kwenye kiti changu. Nilimsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza namna ya kuvua mamba.

Nikakata tawi, nikalifunga. Nakiri nilijivuna kidogo.

Hatujamaliza mlima wa kwanza, shangazi akaanza.

"We mutoto, unaona nini?"

"Naona njia."

"Njia naijua. Pembeni iko nini?"

"Iko majani."

"Majani gani?"

"Ya kijani."

"Ulisoma miaka ngapi?"

"Kumi na mbili, shangazi."

"Miaka kumi na mbili, na balikufundisha kama majani iko ya kijani."

Ikawa hivyo njia nzima. Mimi nina macho na sioni, yeye hana na anaona. Alijua kijito kinakaribia kabla sijakiona, kwa harufu ya mihogo iliyolowekwa. Alijua tumeingia sehemu ya michikichi kwa sababu upepo ulibadilika ukawa na joto na harufu ya mawese. Tulipozunguka bega la mlima na ziwa likajitandaza lote chini yetu, na rasi ya Ubwari imelala juu ya maji upande wa pili wa ghuba, mimi nilikuwa nahangaika na usukani. Yeye ndiye aliyesema, "Simama. Ziwa inaonekana hapa. Iko rangi gani leo?"

Nikaangalia. Nilitaka kusema bluu, nikakumbuka habari ya majani, nikaogopa. Nikasema, "Iko kama sufuria yenye kuoshwa na majivu."

"Ah," akasema. "Basi iko na upepo. Twende."

Ndiyo mandhari yenu. Niliifurahia, sitasema uongo. Sasa nitasema kosa langu, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na hasira yangu si ya mtu anayejifanya hana kosa.

Mlima unapokwisha kuna kona, na baada ya kona njia inalala tambarare kuelekea Baraka. Penye kona hiyo kulikuwa na fungu la matawi makavu na mabichi, refu kama mtu. Mimi nililiona, nikafikiri ni kuni za mama fulani. Shangazi akanigusa mgongo.

"Ile tawi bado iko nyuma? Naisikia."

"Iko."

"Bafunguaka hapa. Kaka yako mudogo alikuwa anafunguaka hapa."

"Shangazi, nikisimama sasa, kukupandisha tena ni kazi. Nitafungua kule mbele."

Basi. Uvivu wa dakika mbili. Wabeba mizigo wote wa Fizi walikuwa wanafungua matawi yao pale konani na kuyatupa, kwanza kwa sababu tambarare haihitaji breki, na pili kwa sababu ambayo mtu wa kiti hawezi kuijua: mbele kidogo kulikuwa na bariere.

Siku zile kulikuwa na watu wenye bunduki juu, na watu wenye bunduki chini. Sitawaita majina, walibadilisha majina mara nyingi kuliko mashati. Wa juu walikaa milimani, wa chini walishika ziwa, na sisi tuliokuwa na shangazi za kupeleka tulipita katikati. Bariere ile ilikuwa ya wa chini. Mti mmoja umelazwa njiani, mabati mawili, sufuria ya chai, na vijana waliotoka mbali ambao walikuwa wamewekwa pale wiki hiyo. Hawakuwa wameona kinga inayoburuza tawi maisha yao yote.

Mmoja wao aliangalia nyuma yetu. Nami nikageuka. Kwa mara ya kwanza niliona kazi ya tawi langu: njia ilikuwa safi, imefagiwa, hakuna unyayo hata mmoja, kama uwanja wa kanisa Jumapili.

"Unafuta nyayo za nani?" akauliza.

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Tukapelekwa kwa komanda wao, mtu mpole wa sauti, ambaye alikaa juu ya debe la mafuta lililogeuzwa. Nilimweleza habari ya breki. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia anapenda watu waliosoma kwa sababu wanadanganya kwa mpango. Akaamuru jaribio. Askari mmoja alitembea njiani hatua ishirini. Nikaambiwa nipande kinga, niburuze tawi juu ya nyayo zake. Nikaburuza. Zikafutika zote. Komanda akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu ambaye hesabu yake imetoka kama alivyotabiri.

"Unaona mwenyewe," akasema.

Niliona. Ndilo jambo baya lenyewe, niliona. Jaribio lilikuwa zuri. Tawi linafuta nyayo, hakuna ubishi. Basi wote waliopita mbele yangu kutoka milimani, ambao hawakuwepo, walikuwa wamefutwa na mimi.

Ikabidi iandikwe karatasi ya mashtaka. Mwandishi wao alikuwa na homa, amelala nyuma ya mabati. Komanda akauliza kama najua kuandika Kifaransa. Miaka kumi na mbili ya shule ikasimama ndani yangu na kusema ndiyo. Nikaandika mashtaka yangu mwenyewe, kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko ambao padre alikuwa akiusifu. Nilijiandika mshukiwa. Niliweka hata pambizo.

"Sasa shahidi," komanda akasema. Akamgeukia shangazi, aliyekuwa ameketi juu ya gunia letu. "Mama, njiani uliona nini?"

"Mi sione, baba. Ndiyo maana tunaenda Nundu."

"Hukuona mtu anapita mbele yenu?"

"Sione mutu, sione njia, nawe mwenyewe sikuone. Nakusikia tu unakalia kitu ya bati."

Komanda akanielekeza. "Andika: shahidi hakuona kitu."

Nikaandika.

"Baba," shangazi akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "nyuma hapo kwa kona iko fungu ya matawi. Ya bantu bote benye kushuka na kinga. Tuma mutu aende aangalie. Si mbali, anaweza kwenda na kurudi mbele ya chai kuiva."

"Mama, umesema huoni. Umeonaje fungu?"

"Kabla ya macho kufunga nilipita hapo na mzigo ya mihogo kichwani, miaka mingi. Fungu ilikuwa hapo. Na leo niliisikia harufu, majani mabichi na yenye kuoza pamoja."

"Tutatuma mtu," komanda akasema. "Kesho."

Nataka msomaji atembee nami mpaka pale konani, kwa sababu mimi nimetembea mara nyingi kichwani. Ni dakika kumi. Ukiwa mvivu kama mimi, kumi na tano. Kijana mmoja kati ya wale waliokuwa wamelala kivulini wakitupa mawe kwenye mkebe angeweza kuinuka, kwenda, kutazama, kurudi. Macho ya shangazi yangu yalikuwa umbali huo.

Hawakutuma mtu. Jumatano asubuhi walinipa tawi langu mkononi, wakaniambia kwa kuwa napenda kufagia, nifagie. Nikafagia mbele ya bariere, nikafagia nyuma yake, nikafagia mpaka pale sufuria inapokaa. Vijana walikuwa wakitembea nyuma yangu wakikanyaga makusudi, kisha wakaniita nirudi. Hawakunipiga. Walikuwa wanacheka tu, na mmoja aliniita profesa. Shangazi alikaa juu ya gunia, uso ukielekea kule sauti ya ufagio ilikotoka.

Mchana nilimpelekea maji.

"Leo ni siku gani?" akauliza, ingawa alijua.

"Jumatano."

"Basi iko bado kesho."

Nilitaka kuomba msamaha kuhusu kona. Nilianza, akanikatiza.

"Nyamaza, utachoka. We haukuzoea kazi."

Alhamisi asubuhi kuni za chai zikaisha. Ndiyo sababu, na wala sitafuti sababu nyingine ya heshima zaidi. Kuni ziliisha, na mmoja wa vijana akakumbuka kwamba yule mama kipofu alitaja matawi. Akaenda. Akarudi na mzigo mkubwa begani, kila tawi bado lina kamba yake ya kufungia kinga. Komanda akashika kamba moja, akaivuta, akaitazama, kisha akacheka sana, cheko la mtu mwema.

"Mbona hamkusema vizuri," akasema.

Wakawasha moto kwa ushahidi wetu. Chai ilipochemka, komanda akaagiza tupewe vikombe viwili, kisha tuachiwe tuende zetu. Mimi nilikunywa, nina aibu kusema. Shangazi alishika kikombe chake mpaka tulipoinuka, akakimwaga chini taratibu, akauliza, "Nimurudishie nani hii kikombe?"

Hatukusimama Baraka. Tulipita katikati ya mji, harufu ya samaki na ya moteri, watu wakituita tununue hiki na kile. Kutoka hapo njia inafuata ziwa kwenda kaskazini, tambarare lakini yenye mchanga, na mchanga unakula magurudumu. Nilikanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa. Mimi, mlinzi wa kiti. Mapaja yalikuwa yanawaka, na shangazi hakunitania hata mara moja, ndipo nikajua ana hofu.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa milima, na vijiji kadhaa tulikuwa tumeviacha nyuma, aliposema, "Iko moteri kwa maji."

Nikaangalia. Kweli, mbali kidogo na ukingo, mtumbwi mrefu ulikuwa unaelekea kusini, tulikotoka.

"Iko namna gani?" akauliza.

Na hapo, kwa mara ya kwanza katika safari nzima, nilieleza vizuri. Labda nilitaka kumfurahisha. Nikamwambia ni mtumbwi mrefu, umepakwa rangi nyeupe juu na nyekundu chini, una turubai ya bluu, na ndani kuna masanduku ya chuma yanang'aa kwenye jua, na watu wanne au watano, mmoja amevaa kofia pana anaishika isipeperuke. Nikamwambia maji nyuma yake yanafunguka kama kitambaa kinachokatwa.

"Sasa unaanza kujua kueleza," akasema.

Tulipofika Nundu, mwuguzi alikuwa anafunga mlango wa chumba. Mgonjwa wa mwisho alikuwa ameketi barazani na bandeji nyeupe machoni. Mwuguzi akaniambia wameondoka muda si mrefu, ilibidi wafike mbali kabla ya giza, njiani lazima nimeuona mtumbwi wao. Nikasema ndiyo, niliuona.

Alikuwa mtu mzuri. Alifungua tena mlango, akamkalisha shangazi, akamwangalia macho kwa tochi, moja, halafu la pili. Alichukua muda. Kisha akasema kwa upole, na nadhani alitaka kutupa moyo, kwamba ukungu wake ni wa aina nyepesi kabisa, wale wagumu ndio waliorudishwa.

"Batarudia?" shangazi akauliza.

"Walisema watarudi, mama, njia ikiwa nzuri."

Njia haikuwa nzuri. Wewe uliyekaa Fizi au Baraka miaka ile unajua.

Tuliporudi nyumbani majirani walikuja uani, na swali la kwanza, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, lilikuwa walituchukulia nini. Nikasema hakuna kitu. Kinga iko, gunia liko, hata pampu iko. Walitupiga? Hapana. Basi wakainua mikono, wakasema tushukuru Mungu, maana wengine hawakurudi. Na ni kweli, wengine hawakurudi, ninawajua. Mbele ya wafu nina adabu. Lakini nimechoka kuambiwa nishukuru. Watu walikuja baadaye na madaftari, wakaandika nyumba zilizochomwa, ng'ombe walioswagwa, waliouawa, na ni haki yaandikwe. Nilipowaeleza habari ya matawi, mmoja alitabasamu na kufunika kalamu yake. Daftari lake halikuwa na safu ya kuiandikia. Mtu anaweza kunyang'anywa macho mawili kwa sababu kijana mmoja hakutaka kutembea dakika kumi, na hesabu ikafungwa bila upungufu wowote. Karatasi pekee inayotaja safari yetu ni ile niliyoiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, yenye pambizo, na ndani yake mwenye kosa ni mimi.

Mji ulikimbia tena kabla ya mihogo ya mwaka ule kukomaa. Milio ilianzia upande wa chini, mchana kweupe, na kila mtu akashika alichoweza. Mimi nilishika kinga. Siyo ya kupanda, njia za porini hazipandiki. Nilimwekea shangazi mkono wake kwenye kiti cha nyuma, chuma ambacho hakiwezi kumwachia, nikatangulia nikiisukuma. Na nikaeleza. Nilieleza kila kitu bila kuulizwa: jiwe kushoto, mzizi, shimo la kiatu kimoja, sasa kijito, maji ya kifundo, inama hapa kuna tawi, nyasi za kukata, tena jiwe, refu hili, inua mguu. Nilieleza mpaka sauti ikakauka.

Tulipofika mahali pa kupumzikia, shangazi aliketi, akakung'uta vumbi miguuni.

"We mutoto," akasema, "umekuwa na macho mazuri."

Alisema kunisifu, na walio karibu wakacheka, kwa kuwa walijua habari zangu za kiti. Mimi sikucheka. Sikuwa nimeyaomba macho hayo. Nilitaka aone yeye, mimi nirudi nikakae chini ya cheti changu nisione kitu.